Mafuta ya Mwili

Evelina hakuwahi kumtoa mtoto mlangoni akiwa amepauka. Awe anakwenda shule, kanisani, au dukani tu kufuata chumvi, lazima kwanza asimame mbele yake, anyooshe mikono, anyooshe miguu, apakwe mafuta mpaka magoti yang'ae. Mtoto aliyepauka, alizoea kusema, anamtangaza mama yake njia nzima. Watu wakiona miguu ya mtoto imepiga weupe kama amelala jivuni, hawaulizi ana nini. Wanauliza ni wa nani.

Basi wenye watoto wasikie, hasa wenye watoto wanaoendesha pikipiki, maana kopo lile lile la mafuta ya mgando lililomkuza Mashimba ndilo lililotaka kumuua. Wala halikushikwa na mkono wa adui.

Mambo yalianzia kwenye picha. Mashimba alirudi kutoka Nyegezi akiwa amenuna, akakaa kwenye kibaraza bila hata kuvua viatu. Mama yake alikuwa anageuza samaki kwenye karai. Baba yake, mzee Nkwabi, alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote mlangoni, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza redio, maana tangu sukari imlie macho alikuwa akiwatazama watu kwa masikio.

“Umeongea naye huyo mama?” Evelina akauliza.

“Nimeongea naye.”

“Anaitwa nani vile?”

“Maulida. Ana stoo ya dawa za jumla. Anataka mtu wa kumpelekea maboksi kwenye maduka madogo, Kisesa huko, na siku nyingine kuvuka na kivuko mpaka Sengerema. Kazi ya kudumu, mama. Si ya kukimbizana na abiria.”

“Sasa mbona umevimba hivyo?”

“Kaniuliza pikipiki yako iko wapi. Nikamwonyesha picha kwenye simu. Akacheka mpaka akamwita na binti wa pale stoo aje aone. Akasema, dawa za watu haziendi juu ya choo cha kuku.”

Mzee Nkwabi akatoa sauti puani. Haikueleweka kama alicheka au alichomwa.

Ukweli ni kwamba yule mama hakukosea. Pikipiki ya mzee Nkwabi ilikuwa imesimama chini ya upenu tangu macho yake yalipofunga, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuigusa. Kuku waliigeuza kitanda. Wekundu wake uliokuwa ukionekana kutoka ng'ambo ya mtaa ulikuwa umefifia ukawa kama ufizi wa mgonjwa. Juu ya tanki kinyesi kilikuwa kimegandana tabaka juu ya tabaka, madigadi yameota ukoko wa vumbi na mvua, kiti kimepasuka. Injini ilikuwa nzima. Mashimba alikuwa akiiwasha kila mara ili isife, inaunguruma vizuri tu, kuku wanaruka, kisha anaizima na kuku wanarudi.

“Kakukatalia?” baba yake akauliza.

“Hajakataa. Kasema Jumatatu saa mbili asubuhi nifike nayo. Akiona imekuwa chombo cha mtu, tutaongea. Ikiwa bado ni banda, nisimpotezee muda, kuna wengine wamesimama mlangoni.”

“Pikipiki yangu si banda,” mzee Nkwabi akasema polepole. “Ina uchafu, ndiyo. Hata mtu ana uchafu. Anaogeshwa.”

Jirani yao Sada alikuwa anapita na ndoo yake kuelekea bombani chini ya mlima. Alikuwa mwanamke wa maneno, mwenye kucheka kabla hujamaliza kusema. Akasimama pale walipoanza kuwafukuza kuku.

“Mama Mashimba, leo mnahamisha wapangaji?”

“Nenda zako bombani, Sada.”

“Naenda. Lakini hayo mayai yakitoka kwenye tanki unikumbuke, mwenzio nina wageni.”

Mashimba hakucheka. Evelina alimwona akimfuata Sada kwa macho mpaka alipopotea nyuma ya mawe.

*

Yahaya alikuwa na kijiwe cha kuosha pikipiki kule chini, upande wa ziwani, penye kibanda cha mabati na pampu moja ya maji. Alisoma darasa moja na Mashimba. Jumamosi walimpelekea ile pikipiki wakiikokota, na Evelina akafuata nyuma na samaki watatu kwenye mfuko, maana Yahaya alikuwa amekataa hela akasema, “Nipe sato wa mama yako, tumemalizana.”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Mgonjwa huyu, utamweza?”

Yahaya aliizunguka pikipiki. Mashimba akachukua kisu aanze kukwangua kinyesi juu ya tanki, Yahaya akamshika mkono.

“Usikwangue. Ukikwangua unaondoka na rangi. Loweka kwanza.”

Akachovya matambara kwenye maji ya sabuni akayalaza juu ya tanki na madigadi, kama mtu anavyomwekea kitambaa mwenye homa. Wakakaa wakasubiri. Yalipotolewa, kinyesi kilikuja chenyewe, laini, na chini yake pakabaki madoa meupe yaliyoonekana kuingia mpaka ndani. Waliosha kila mahali, wakafuta grisi ya zamani kwenye injini kwa mafuta ya taa na mswaki uliozeeka, wakasuuza. Halafu Yahaya akatoa kipande cha msasa wa maji, ule mwembamba ambao ukiupitisha shavuni hauumi, akaulowesha na kuanza kusugua tanki. Alikuwa akisugua kwa upole, kwa kwenda upande mmoja, akimwagia maji kila mara.

Maji yakaanza kutoka mekundu.

Evelina akasimama. “Yahaya. Unaitoa damu.”

“Ndivyo inavyotakiwa, mama.”

“Rangi yote inaisha hiyo. Baba yake nitamwambia nini?”

“Inayotoka ni ile iliyokufa kwa jua. Chini yake kuna iliyo hai. Nikisugua sana nitaifikia bati, hapo utanipiga. Nikisugua kidogo, hatutaona kitu. Kaa tu, mama, kula hata muwa.”

Hakukaa. Alisimama hapo jua linampiga kisogoni, anatazama maji mekundu yakitiririka kuelekea kwenye mchanga, moyo unamdunda kama vile ni mtoto amelazwa kitandani kwa daktari. Tanki lilipokauka likawa baya kuliko mwanzo, limefubaa lote, halina hata mng'ao wa kubahatisha. Mashimba akatazama pembeni. Lakini Yahaya akachukua kompaundi kidogo, ile dawa nzito ya kung'arishia rangi, kwenye kipande cha fulana, akaanza kuzungusha, anazungusha mahali padogo kama kiganja, anakandamiza, anazungusha. Kisha akafuta kwa upande mkavu.

Wekundu ukatokea. Haukuwa ule wa ufizi. Ulikuwa wekundu wa nyanya iliyoiva, na ndani yake Evelina akauona uso wake mwenyewe, umepinda, na nyuma yake mabati ya kibanda na kipande cha ziwa.

“Haya,” Yahaya akasema. “Huyo hapo.”

Mashimba alimnyang'anya fulana akaendelea mwenyewe. Walisugua zamu kwa zamu mpaka mikono ikafa ganzi, tanki, madigadi, vifuniko vya pembeni, wakamalizia na waksi. Watu waliokuwa wanapita wakaanza kusimama. Mmoja akauliza kama ni mpya. Evelina alijibu kabla ya vijana, “Ni ya baba yake,” akasema tena ingawa hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Jioni, mzee Nkwabi alishikwa mkono akapelekwa mpaka ilipoegeshwa. Hakuinama kutazama. Alipitisha kiganja kuanzia taa ya mbele, juu ya tanki, akashuka kwenye ubavu, anakwenda taratibu. Pale palipokuwa na madoa ya kinyesi akarudia.

“Hapa palikuwa na nini?”

“Madoa, baba.”

“Hayapo.”

“Yapo kidogo ukitazama kwa karibu.”

“Mimi sitazami kwa karibu,” mzee akasema, na wote wakacheka, naye akacheka, akabaki ameweka mkono pale juu ya tanki muda mrefu kama amemshika ng'ombe wake shingo. “Asanteni,” akasema. “Mmenirudishia kitu.”

*

Jumapili baada ya ibada Mashimba aliipitishia maji tena kwa sababu ya vumbi la kupandia mlima, akaiingiza sebuleni. Wakalala nayo humo kama mgeni.

Jumatatu Evelina aliamka kabla ya wote. Alichemsha chai, akapasha maji ya Mashimba ya kuoga, akapiga pasi shati lake. Kijana alipotoka bafuni, mama yake alikuwa amesimama na kopo la mafuta mkononi, limefunguliwa.

“Njoo hapa.”

“Mama, mimi si wa darasa la pili.”

“Nikupake mikono tu. Unakwenda mbele za watu.”

“Nimeshapaka losheni yangu.” Akambusu kichwani akapita. “Niache nivae, nitachelewa.”

Hakusema kwa ubaya. Lakini Evelina alibaki pale na mafuta yake kwenye vidole, na vidole havina pa kwenda. Na hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye pikipiki.

Juu ilikuwa inang'aa, hakuna wa kubisha. Lakini chini! Tairi zilikuwa zimepauka, zimepiga kijivu, zina weupe weupe kwenye mikunjo, sawasawa kabisa na miguu ya mtoto asiye na mtu. Na ile sahani ya chuma kwenye gurudumu la mbele, yenye vitundu vitundu, ilikuwa imeota kutu ya rangi ya machungwa usiku ule ule, kwa yale maji ya jana. Evelina akamwona yule mama wa stoo akiinama. Akamwona akimwita tena binti wa stoo aje acheke.

Akapiga magoti.

Alianza na tairi la mbele. Alilipaka lote, pembeni na pale juu panapokanyaga, akiingiza kidole kwenye kila mfereji. Likawa jeusi tii, likang'aa. Akaja kwenye sahani. Ile kutu aliifuta kwa tambara, ikakubali, kisha akaipaka mafuta pande zote mbili, akaisugua mpaka ikawa kama kijiko cha harusi. Akamalizia tairi la nyuma. Alipokuwa anapaka alikuwa anaimba kwa sauti ya chini kiitikio cha jana kanisani. Alijisikia vizuri. Tuseme ukweli: alijisikia kama zamani, alipokuwa na mtoto wa kuandaa.

Mashimba alitoka amevaa, kofia ngumu mkononi, macho kwenye simu. Aliona tu kwamba inang'aa. Walisaidiana kuitoa nje. Mzee Nkwabi alikuwa tayari kwenye kiti chake.

“Wangaluka, baba,” Mashimba akamwamkia kwa Kisukuma.

“Wangaluka. Nenda salama. Mwambie huyo mama hiyo pikipiki ilibeba mahindi, ikabeba wagonjwa, ikabeba na bibi harusi. Maboksi haitayaogopa.”

Evelina akacheka, maana huyo bibi harusi alikuwa ni yeye mwenyewe.

Pikipiki ikawaka. Njia ya kutoka kwao inashuka moja kwa moja kati ya mawe makubwa, udongo mkavu juu na vijiwe vinavyoviringika, mpaka chini penye kona ya seremala na bomba la maji. Mashimba aliijua tangu akitambaa. Evelina alisimama akitazama shati jeupe likishuka na wekundu chini yake, akafikiri hajawahi kuona kitu kilichopendeza namna ile.

Mzee Nkwabi akanyanyua kichwa.

“Mama Mashimba.”

“Abee.”

“Mbona hafungi?”

“Hafungi nini?”

“Breki. Hapo kwenye jiwe la kwanza lazima ufunge. Hajafunga.” Mzee alikuwa ameshainuka kwenye kiti. “Hafungi huyo. Hafungi!”

*

Kule chini Mashimba alikuwa ameminya breki ya mkono mpaka imegusa usukani, na gurudumu la mbele lilikuwa linazunguka kama hajagusa kitu. Akakanyaga ya mguu. Ile ikashika, lakini tairi la nyuma likateleza juu ya mawe kama limekanyaga sabuni, likapepesuka kushoto, likapepesuka kulia. Mbele yake palikuwa na bomba, na bombani palikuwa na wanawake, na Sada alikuwa ameinama kuinua ndoo akiwa na mtoto mgongoni, amempa kisogo.

Alipiga honi. Hakungoja kuona kama wamesikia. Alikata usukani kuelekea kwa seremala, pikipiki ikalala ubavu, ikakwangua jiwe kwa mlio uliosikika mpaka juu, kisha yeye na pikipiki wakazama kwenye rundo la maranda ya mbao.

Evelina hakujua alivyofika. Kandambili moja aliiacha njiani. Alichokiona kwanza ni mkono wa shati jeupe ukitoka kwenye maranda, na halafu kofia ngumu, na halafu mwanawe akikohoa unga wa mbao.

“Niko mzima,” Mashimba akasema. “Mama, niko mzima. Goti tu.”

“Ng'wana wane,” Evelina akasema. Mwanangu. Alimpapasa kichwa, shingo, mabega, mkono mmoja mmoja, kama anayehesabu alivyopewa na kuona vyote vipo.

Watu walikuwa wameshajaa. Seremala aliinyanyua pikipiki. Ubavu wa kulia wa tanki ulikuwa na mkwaruzo mrefu mpaka kwenye bati. Yahaya alikuja mbio kutoka kijiweni, akamtazama rafiki yake, akamkuta anasimama, ndipo akainama kwenye gurudumu la mbele. Akapitisha kidole kwenye ile sahani. Akakitazama kidole. Akanusa.

“Mafuta,” akasema. “Mtu kapaka mafuta kwenye breki.”

Kisha mwanamume mmoja mwenye gunia la mkaa akasema, “Hiyo si bahati mbaya. Hapo kuna mkono wa mtu.”

“Na tairi pia,” Yahaya akasema, anazidi kushika. “Pote pamepakwa.”

“Si nimesema? Kijana kapata kazi, mtu hakulala.”

“Nani aliyekuwa anaicheka hii pikipiki?” sauti nyingine ikauliza kutoka nyuma.

Hakuna aliyetaja jina. Lakini macho yakaanza kugeuka, moja baada ya jingine, kuelekea bombani. Sada alikuwa bado amesimama pale pale, ndoo imemwagika miguuni, mtoto analia mgongoni.

“Mimi?” Sada akasema. Safari hii hakuwa na cheko lolote. “Mimi niliyeponea chupuchupu kugongwa? Na mtoto wangu?”

“Mtu anaweza kutega na mtego ukamrudia,” akasema yule wa mkaa.

Evelina alikuwa amepiga magoti kwenye maranda. Aliangalia mikono yake. Ilikuwa bado inang'aa, na unga wa mbao ulikuwa umeganda kwenye vidole kwa sababu ya yale mafuta. Alijua, na wote pale walijua, maneno ya namna ile yanavyokua katika mitaa yetu. Leo yanasemwa bombani, kesho yanasemwa mlangoni kwa mtu, na kuna wanawake waliohama usiku na watoto wao kwa maneno madogo kuliko hayo. Angenyamaza tu, ingetosha. Hakuna ambaye angemuuliza mama aliyetoka kumpapasa mwanawe shingo.

“Ni mimi,” akasema.

Mashimba akageuka. “Mama?”

“Ni mimi niliyepaka. Asubuhi hii, ulipokuwa unavaa. Zilikuwa zimepauka.” Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya watu. “Mwacheni Sada. Mafuta ni haya hapa. Nilitaka ipendeze. Sikujua kwamba huku chini hakupakwi.”

Kwa muda walikuwa kama hawajaelewa. Kisha mtu mmoja akaguna, akaguna tena, ikawa cheko. “Kaipaka pikipiki mafuta kama mtoto wa chekechea!” Na mwingine: “Ulimchana na nywele?” Likapanda cheko la mtaa mzima, hata seremala akajifuta macho. Evelina alibaki amepiga magoti katikati ya cheko hilo, kichwa kimeinama, masikio yanawaka moto. Lakini ndani yake alikuwa anasema kitu kingine. Wacheke. Asante, Mungu wangu, wanacheka. Sauti zilizokuwa zitoke hapa asubuhi hii hazikuwa hizi.

Yahaya hakucheka. “Kosa letu, mama,” akasema. “Kila anayeendesha anajua. Hakuna aliyefikiria kukwambia.”

Sada alikuja na ncha ya kitenge ameilowesha, akachuchumaa, akamfuta Mashimba damu kwenye goti. Alipomaliza akamtazama Evelina.

“Umetaka kuniua, mama Mashimba,” akasema. “Halafu umeniokoa. Yote asubuhi moja. Sijui nianze kukusemea lipi.”

“Anza na lolote.”

“Nitaanza na la kupaka mafuta. Hilo nitalisema mpaka nizeeke.”

*

Yahaya aliosha sahani na tairi kwa sabuni na petroli, lakini pedi za breki zilikuwa zimeshakunywa mafuta, akasema hazifai tena, na pikipiki isipandwe mpaka zibadilishwe. Saa ilikuwa imekwenda. Mashimba aliitazama njia ya Nyegezi, akaishika usukani, akaanza kuikokota. Mama yake akaenda naye, akisukuma kwa nyuma pale penye kilima. Hawakusemeshana sana. Mara moja tu Mashimba alisema, “Lakini tairi zilipendeza kweli, mama,” na Evelina akampiga kibao cha mgongo, kisha akageuza uso ili asimwone machozi.

Mama Maulida alikuwa mlangoni mwa stoo, amejifunga ushungi, miwani kwenye pua. Mashimba alimwamkia. Aliitika huku anatazama saa.

“Nilisema saa ngapi?”

“Saa mbili, bosi.”

“Na sasa?”

“Nimechelewa. Nilianguka.”

Akatoka nje. Aliizunguka pikipiki. Upande wa kushoto akasimama, akajiona kwenye tanki, akaweka sawa ushungi wake bila kujua kama anafanya hivyo. Akaja upande wa kulia, akauona mkwaruzo.

“Huu ni wa leo?”

“Wa leo.”

“Mbona umeikokota? Injini imekufa?”

“Injini nzima. Breki hazifai. Nisingeipanda hivyo.”

Evelina akaona ni zamu yake. Alisogea, akaeleza, kwa kifupi, bila kuficha, macho yakiwa chini. Alingoja kuitiwa yule binti wa stoo. Mama Maulida alimsikiliza mpaka mwisho.

“Mimi nilikuwa na kijana hapa,” akasema baadaye. “Breki zake hazikuwa nzuri, naye alijua. Akaona aibu kuchelewa.” Akaitazama barabara. “Mzigo wa leo nimempa mwingine. Sikudanganyi. Lakini Alhamisi nina wa Kisesa, na yule mwingine hataki Kisesa. Badilisha hizo pedi. Nitajaribu breki mwenyewe, nikiwa nimekaa nyuma yako, pale kwenye mteremko.”

“Asante, bosi.”

“Na wewe mama,” akaongeza, na mdomo ukataka kucheza, “usije ukanipakia maboksi mafuta.”

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, na Evelina hakuwahi kutembea safari iliyomfurahisha namna ile. Kila baada ya hatua chache alimtazama anayekokota mbele yake, anachechemea, shati limechafuka, yupo.

*

Alhamisi asubuhi Mashimba alitoka bafuni, akavuta kigoda, akakaa mbele ya mama yake akanyoosha miguu.

“Nipake,” akasema.

Evelina alimpaka kama alivyompaka akienda darasa la kwanza, vidole vya miguu, vifundo, muundi, akilizunguka goti lenye kidonda kwa mbali, halafu mikono mpaka kwenye viwiko. Alipomaliza alifunga kopo, akaenda nje akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, ndipo akaufungua mlango.

Pikipiki ilitoka na mkwaruzo wake. Wekundu ulikuwa vile vile, lakini tairi zilikuwa za kijivu, zimepauka, vumbi mpaka kwenye mifereji. Evelina alizitazama kwa shukrani kama anavyotazama chakula mtu aliyefunga.

Mzee Nkwabi aliinamisha kichwa upande. Injini ikaanza kushuka. Kwenye jiwe la kwanza pedi mpya zikalia, mlio mbaya wa chuma, wa kukera meno.

“Kafunga,” mzee akasema.

Wakangoja.

“Kafunga tena.”

Kisha ile ya mwisho, kule kwa seremala, ndefu kuliko zote. Sauti ya Sada ikapanda kutoka bombani, akimwambia mtu, kwa nguvu ili na juu wasikie, kwamba leo mtoto kapakwa yeye, pikipiki haijapakwa. Evelina akacheka. Akakaa chini kwenye kibaraza karibu na miguu ya mumewe, mikono inanukia sabuni, na tangu siku hiyo hakuna mama anayepita mlangoni pake na kijana mwenye pikipiki ambaye hamwiti amwonyeshe kwa kidole: hapa juu sugua utakavyo, ing'arishe mpaka ujione. Huku chini kuache na vumbi lake.